Siku Tatu za Muhogo Mchungu

Muhogo mchungu hauliwi siku ulipong'olewa. Katika vijiji vya kando ya Ziwa Tanganyika, mkoani Kigoma, kati ya shamba na sahani ya ugali kuna karibu wiki nzima ya kazi, na kazi hiyo mara nyingi imo mikononi mwa wanawake. Bibi ninayemtazama ameifanya tangu usichana wake. Hana saa wala kipimo cha maabara. Ana panga, jembe, kisu, pipa, jiwe, uchanja, kinu na kidole gumba, na kwa vifaa hivyo anaondoa sumu katika chakula cha nyumba nzima.

Anaanza shambani asubuhi. Anakata shina kwa panga na kuacha kisiki cha kushikia, halafu anafukua udongo taratibu kwa jembe, akilizunguka shina kwa mbali kidogo asije akaijeruhi mizizi. Kisha anainama, anashika kisiki kwa mikono miwili na kukitikisa huku akivuta. Hana pupa, maana muhogo ukikatika unaanza kuharibika mapema. Hata uliotoka mzima, siku mbili tatu tu zikipita, unaingia michirizi ya rangi ya buluu na nyeusi ndani. Kwa hiyo anang'oa wa kutosha pipa lake na kuuacha mwingine ardhini usubiri zamu yake.

Mgeni huuliza kwa nini watu wapande muhogo wenye sumu ilhali mtamu upo. Mkulima anajua: nguruwe pori na nyani hawausumbui sana mchungu, na mwizi wa usiku hana faida nao, kwa sababu hawezi kuutafuna wala kuuchemsha akala papo hapo. Sumu hiyo hiyo inayotutisha jikoni ndiyo inayolinda shamba.

Nyumbani anaketi kwenye kigoda na kuanza kumenya. Anachora mstari mmoja kwa ncha ya kisu kutoka kichwa cha muhogo hadi mkiani, anapenyeza kidole gumba chini ya ganda, kisha anauzungusha muhogo na ganda linabanduka zima. Yanatoka mawili kwa pamoja: gome jembamba la kahawia na ganda nene la ndani. Hilo la ndani ndilo lenye sumu nyingi kuliko nyama ya muhogo, kwa hiyo habakizi hata kipande. Penye alama ya ganda anarudi na kisu. Muhogo mrefu anaukata vipande vinavyolingana kwa unene ili vyote vilainike kwa wakati mmoja.

Ndani ya seli za muhogo kuna kitu kiitwacho linamarini, na kando yake, kwenye ukuta wa seli, kuna kimeng'enya cha kukivunja. Seli ikiwa nzima, viwili hivyo havikutani. Ikivunjika au ikilainika, vinakutana, na mwisho wake ni sianidi. Sianidi hiyo huchemka kwenye nyuzijoto 26 hivi, kwa hiyo ikipata njia inapeperuka yenyewe hewani, na nyingine inaondoka na maji. Kazi yote ya bibi, kuanzia pipa hadi uchanja, ni kuzifungua seli na kuipa sumu njia ya kutokea. Ndiyo maana kuuchemsha tu muhogo mchungu hakutoshi: moto unakiua kimeng'enya kabla hakijamaliza kazi, na linamarini inabaki. Wapishi wa kisamvu nao hutwanga majani ya muhogo kwanza, ndipo wayapeleke jikoni.

Anapanga vipande ndani ya pipa, anamimina maji mpaka yavifunike vyote, na juu yake anaweka jiwe safi lisiloacha kipande kielee. Anaongeza kopo la maji aliyobakiza kutoka pipa lililopita, ambayo yana bakteria waliokwisha kuzoea kazi hiyo, nao huharakisha uchachu. Kisha anafunika.

Siku ya kwanza hakuna la kuona. Siku ya pili povu jeupe linajitokeza pembeni na harufu ya uchachu inaanza. Bakteria wanatengeneza asidi ya laktiki, na vijidudu vingine vinalegeza kuta za seli. Muhogo uliokuwa mgumu unaanza kukubali kucha, lakini bibi hautoi. Anafunua, ananusa, anafunika tena.

Siku hii ya pili ndiyo yenye kishawishi kikubwa. Huko Bandundu, nchini Kongo, barabara ya lami ya kwenda Kinshasa ilipokuza biashara ya muhogo, baadhi ya familia zilifupisha kuloweka kutoka siku tatu hadi moja au mbili ili mzigo uwahi soko. Unga ulionekana ule ule, mweupe vile vile, lakini sumu ilibaki ndani. Watafiti waliofika huko miaka ya 1980 na 1990, akiwemo Thorkild Tylleskär, walikuta ugonjwa wa konzo ukihusiana na kufupishwa huko. Konzo humpata mtu ghafla, zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa: miguu yote miwili inakakamaa, na haiponi tena. Daktari Giovanni Trolli alikuwa ameueleza ugonjwa huo Kongo mwaka 1938. Mwaka 1981 ulizuka Nampula, Msumbiji, wakati wa ukame. Tanzania imeuona Tarime katika miaka ya 1980 na Mbinga mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mara nyingi hadithi inafanana: ukame umezidisha uchungu wa muhogo, chakula kingine hakuna, na njaa au soko limezila siku za kuloweka.

Siku ya tatu bibi anakunja mikono ya gauni na kutoa kipande kinene kuliko vyote. Anakibonyeza kwa kidole gumba katikati, mahali panapochelewa kulainika. Kidole kinazama bila kusukumwa mpaka kinagusa uzi wa kati. Anajaribu kingine. Hiki kina kiini kigumu, kikubwa kama punje ya hindi, na hicho kinatosha kurudisha pipa zima chini ya kifuniko hadi kesho. Wakati wa mvua na baridi husubiri siku nne, pengine tano. Hakuna anayemharakisha, hata wajukuu wanaoulizia ugali. Wanasayansi walipopima, walikuta kuloweka namna hii kwa siku tatu hadi kulainika kunaondoa zaidi ya asilimia 90 ya sumu. Kidole gumba cha bibi kilikuwa na jibu hilo kabla ya vipimo vyao.

Muhogo ulioiva kwa maji unapasuka mkononi. Anachomoa uzi mgumu wa katikati, anausuuza muhogo kwa maji safi, anauminya maji yatoke, kisha anaumumunyua vipande vidogo vidogo. Udogo huo una maana: kipande kidogo hukauka upesi, na sianidi iliyobaki hupata njia fupi ya kutoka.

Anaanika juu ya uchanja wa matete uliotandikwa mkeka, mbali na vumbi na kuku. Anatandaza safu nyembamba, na jua likipanda anapita kugeuza kwa viganja. Wingu likitanda juu ya ziwa anakunja mkeka kabla ya tone la kwanza, na jioni anaingiza vyote ndani visinyonye umande. Muhogo unaolowa nusu na kukauka nusu huota ukungu, na ukungu huleta sumukuvu, adui wa ini. Vipande vyenye madoa meusi au kijani anavitupa, japo ni jasho lake. Vilivyobaki anavijaribu kwa kuvivunja. Vikitoa mlio mkavu, viko tayari kwa kinu.

Mchi unapanda na kushuka kwa mwendo usiobadilika. Anatwanga, anachekecha, anarudisha chenga kinuni, anatwanga tena, mpaka kwenye chekeche zinabaki nyuzi tupu. Unga unaoanguka ni mweupe na laini, wenye harufu ya uchachu kwa mbali. Kipimo cha kimataifa cha unga salama wa muhogo ni miligramu 10 za sianidi kwa kilo, na njia ya kufika hapo ni hii hii: kuloweka mpaka ulainike na kukausha mpaka ulie.

Maji yakichemka anatia unga na kusonga kwa mwiko mpaka ugali uvutike na kung'aa. Pembeni kuna dagaa wa ziwa waliopikwa kwa mawese. Dagaa hao nao wana kazi. Mwili huigeuza sianidi kidogo inayobaki kuwa thiosianati na kuitoa kwa mkojo, lakini kwa kazi hiyo unahitaji salfa, ambayo huipata kwenye protini. Konzo imeshambulia zaidi pale watu walipokula muhogo karibu mtupu. Mboga nzuri ni sehemu ya kinga.

Kwa unga ambao historia yake haijulikani, mwanakemia Howard Bradbury wa Australia alipendekeza njia rahisi ambayo imetumika Kongo. Unga unachanganywa na maji hadi uwe unyevunyevu, unatandazwa safu isiyozidi sentimita moja, unaachwa saa mbili juani au saa tano kivulini, kisha unapikwa siku hiyo hiyo. Ni kanuni ile ile ya pipa la bibi: kimeng'enya kipewe maji na muda, gesi ipewe hewa.

Basi tukisimama sokoni mbele ya magunia ya unga wa muhogo, tumuulize muuzaji aliuloweka siku ngapi, tusiishie kwenye bei. Anayeweza kueleza pipa lake, kidole chake na uchanja wake, hata kama bei yake imezidi kidogo ya jirani, anatuuzia siku tatu ambazo angeweza kuzifupisha asijulikane. Siku hizo zina thamani ya miguu ya mtoto. Zinastahili kulipwa.