Mtoto Aliyeachishwa Kazi: Hamu ya Ubaba katika Raising Arizona

Wahakiki wengi huyadharau masimulizi ya nyuma ya kamera, wakiyaona kuwa porojo zisizostahili nafasi katika uhakiki wa dhati. Msimamo huo unapwaya inapochunguzwa Raising Arizona (1987), filamu ya ucheshi ya Kimarekani iliyoandikwa na ndugu wawili, Joel na Ethan Coen, na kuongozwa na Joel.

Mhusika mkuu, H.I. McDunnough (Nicolas Cage), ni mwizi wa maduka aliyemwoa Ed (Holly Hunter), askari aliyekuwa akimpiga picha kila alipotiwa mbaroni. Ed anabainika kuwa tasa. Ombi lao la kuasili mtoto linagonga mwamba kwa sababu ya makosa ya zamani ya mume. Basi wanamwiba mmoja wa pacha watano wa Nathan Arizona, tajiri muuza samani.

Kuwaigiza pacha hao walitumiwa watoto wachanga wapatao 15. Inasimuliwa kwamba mmoja wao aliachishwa kazi kwa kuwa alianza kutembea. Habari hii huchekesha, na kwa kawaida mjadala huishia hapo. Ilhali ndani yake mna ufunguo wa dhamira. Utayarishaji ulimhitaji mtoto asiyevuka hatua ya kutambaa, na H.I. naye anamtamani mtoto wa namna hiyo hiyo. Mtoto huyu anabebwa, anafichwa, anasahauliwa juu ya paa la gari, anatangaziwa zawadi ya pesa. Kila mtu anamtaka, hakuna anayemjua. Si bure kwamba babaye ni mchuuzi wa samani.

Wasifiaji wa fani hupenda pia kutaja ubao mrefu uliofungwa kamera na kushikwa na watu wawili wakikimbia, mbinu aliyowahi kuitumia Sam Raimi. Kwa mbinu hiyo kamera inapanda ngazi, inapenya dirishani na kuingia kinywani mwa mama anayepiga ukemi baada ya kugundua kwamba mwanawe hayupo. Ufundi huo ni wa kustaajabisha, lakini unamdhulumu mama: uchungu wake unageuzwa kuwa kichekesho cha kamera.

Ni baada ya mtoto kurudishwa ndipo H.I. anapowaona watoto waliokua, pamoja na wajukuu, wakiizunguka meza moja. Anawaona ndotoni.