Nyasi za Vilima vya Shaba

Mtaa wa Penga Penga, mjini Lubumbashi, uko upande ambao upepo wa kiangazi huelekea. Upepo huo hutoka kusini-mashariki, hupita juu ya bomba la moshi la mji huo lenye mita 153, hupita kilima cheusi cha mabaki ya tanuru, kisha hushuka kwenye nyumba za watu. Tanuru liliwashwa mwaka 1911, mji ukiwa na mwaka mmoja tu. Kwa miongo mingi moshi ulibeba shaba, zinki, risasi na kadimi, pamoja na salfa iliyogeuka tindikali ilipokutana na mvua. Miombo ikafa, nyasi zikafuata, na udongo uliobaki bila nguo ukawa chakula cha mvua na upepo.

Mkoa wenyewe wa Katanga uliwahi kuitwa Shaba, kuanzia 1971 hadi 1997. Jina zuri, ila mboga ya lengalenga haiwezi kuota juu ya jina.

Kazi ninayotaka kuisifu ni ya kupanda nyasi kwenye udongo wa namna hiyo. Si kazi ya kupigiwa picha. Mtu huinama, huchimba kishimo, huweka kipandikizi, hukandamiza kwa vidole, husogea hatua moja, huinama tena. Waliojifunza kuifanya hivyo ni watafiti wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwemo Mylor Ngoy Shutcha, na kinachonivutia kwanza ni mahali walipokwenda kutafuta mbegu ya kazi yao. Walikwenda kwenye vilima.

Katanga ina vilima ambavyo miti huvikwepa. Msitu wa miombo hufika chini yake ukasimama, na juu hubaki nyasi na maua madogo, kwa sababu mwamba umejaa shaba tangu zamani za zamani. Mababu waliosubu misalaba ya shaba waliusoma upara huo vizuri kuliko ramani. Hata mahali walipoyeyushia madini, ua dogo liitwalo Haumaniastrum katangense hupenda kuota juu ya mabaki yao, na wachimbuaji wa mambo ya kale wamewahi kulifuata wakakuta matanuru yaliyosahauliwa. Basi kama kuna nyasi zilizoishi na shaba tangu enzi hizo, kwa nini umwagizie mgonjwa wa Penga Penga dawa kutoka ng'ambo?

Wakachagua nyasi tatu wakazijaribu kwenye vitalu vilivyotiwa shaba kwa makusudi, gramu mbili na nusu kwa kila kilo ya udongo. Vingine viliachwa vivyo hivyo. Vingine vilipewa mboji, kilo nne na nusu kwa mita ya mraba, au chokaa gramu 200. Kisha wakahesabu kwa miaka miwili: kipi kimekufa, kipi kimezaa masuke.

Ukoka, ambao kila mwenye bustani anaujua kwa ubishi wake, ulihitaji chokaa ndipo uishi. Aliyeongoza kwa kuishi bila msaada alikuwa mtoto wa kilimani, nyasi fupi ya mashada iliyoitwa Rendlia altera. Siku hizi wataalamu wa mimea huiita Microchloa altera, yenyewe haikushtuka.

Lakini uzuri wa ufundi huu uko kwenye jani. Mkulima wa kawaida hufurahi mmea ukila sana. Hapa mpandaji hufurahi mmea ukisusa: shaba ibaki chini, mizizi iishike hapohapo, jani libaki safi kadiri iwezekanavyo, maana jani huliwa na mbuzi au huanguka na kurudisha sumu juu. Chokaa ilipunguza shaba kwenye majani kuliko mboji ilivyofanya, na ikaongeza masuke. Halafu mboji nyingi, mara tano ya ile ya kwanza, ikaonyesha nguvu zake nayo, wakabaki na swali la kuzichanganya mbili hizo. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2010. Napenda utafiti unaomaliza na swali la jembe.

Baadaye ile nyasi ya kilimani ilipelekwa Penga Penga kwenyewe, kwenye ardhi tupu na chachu, ikafuatiliwa miaka mitatu. Hapo kalenda haina huruma. Mvua hushika Novemba, na kufikia Aprili zinaaga. Kipandikizi kilichochelewa hukutwa na kiangazi kabla mizizi haijashuka.

Sijidanganyi. Nyasi hizi hazitoi hata gramu moja ya shaba ardhini, zinaifunga tu. Mama anayetafuta mahali pa kupanda matembele hatazifurahia, na katika mji ambao kila kiwanja kina mnunuzi, shada lisiloliwa linahitaji mtetezi kila mwaka. Anayelipanda anajua kwamba mavuno yake hayapimwi kwa kilo. Anangoja Julai, upepo wa kusini-mashariki uinuke, aangalie kama vumbi linanyanyuka kutoka kwenye mistari yake au kutoka kwa jirani ambako bado hajafika.