Kumurudisha mugonjwa kwao haivunje ndoa

Huku kwetu Ruashi kuko neno moja lenye kusemwa polepole, lakini linaumiza: "Bamurudishe kwao, bazazi bamutunze." Linasemwa juu ya bibi mwenye figo zilikufa, ao mwenye alipooza upande mumoja. Kisha miezi michache bwana anaingiza mwingine mu nyumba, na kila mutu anafanya sawa vile ndoa imekwisha.

Mbele ya sheria haijakwisha. Kode ya familia ya 1 Agosti 1987, yenye ilirekebishwa na sheria namba 16/008 ya 15 Julai 2016, inasema ndoa inavunjwa na tribinali. Haivunjwe na gari yenye kubeba godoro na masanduku kwa mama-mukwe. Mupaka siku muamuzi atakata maneno, bibi na bwana wanabaki na deni ya kutunzana na kusaidiana. Chakula, dawa, pesa ya hospitali, yote iko ndani ya ile deni.

Wengi wanafikiri pesa ya kumutunza mugonjwa inaombwa kisha kesi kuisha. Hapana. Wakati dosye ingali ku tribinali ya amani, mugonjwa ao avoka wake anaweza kuomba mipango ya muda: nani anabaki mu nyumba, nani anatoa posho, kiasi gani. Kesi inaweza kukawia miezi na miezi. Mutu wa dializi hawezi kukawia hata juma moja.

Lakini sitaki kuisifu Kode kupita kiasi. Naona uzaifu tatu.

Kwanza, mabadiliko ya 2016 yaliondoa ile ruhusa ya bwana yenye bibi alipaswa kuwa nayo, isipokuwa mara chache, mbele ya kushitaki ku tribinali. Ni hatua kubwa. Lakini bwana anabaki mukubwa wa nyumba, na mara nyingi ndiye mwenye kushika karatasi za parsele. Mugonjwa anaanza kesi mikono mitupu.

Pili, maneno "matunzo na musaada" ni ya jumla sana. Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 63, inataja ugonjwa kwa jina: bibi mwenye uwezo lazima amutunze bwana mwenye ugonjwa ao jeraha vimemuzuia kutafuta maisha. Ile sheria nayo ina kasoro zake, lakini muamuzi anaposoma anakuta ugonjwa umeandikwa. Sisi pia tungeandika hivyo, na kwa wote wawili.

Tatu, ndoa nyingi kwetu zinaishia ku mali yenye kulipwa kwa wakwe. Kode inakubali ndoa ya mila, lakini inaomba iandikishwe ku etat sivile. Mwenye hakuandikisha analazimika kwanza kuonyesha kama iko bibi, mbele ya kusema neno juu ya dawa.

Najua mumoja atauliza: na muzima, yeye hana haki ya kuishi? Iko nayo. Ugonjwa murefu unachokesha, na hakuna sheria yenye inaweza kulazimisha mapendo. Tena posho inapimwa kufuatana na uwezo. Haiombwe mufanyabiashara mudogo atoe kama mukubwa wa kampuni. Lakini kuomba ndoa ivunjwe ni jambo moja, kumutupa mutu njiani na ordonansi mukononi ni lingine. La pili Kode inalo jina: kuacha familia, na ni kosa lenye azabu.

Sisi wenye kusoma droa, udaktari ao kazi za jamii, tusingoje bunge. Kama unajua familia yenye kuwa mu hali hii, waambie waweke vitu vine tayari: rapore ya munganga, fakture za hospitali, karatasi ya ndoa ao majina ya mashahidi wa siku ya mali, na chochote chenye kuonyesha mapato ya yule mwingine. Kisha waende kuomba mipango ya muda kesi ikianza tu, wasingoje hukumu.