Chuma Kinachoruhusiwa Kupinda

Pikipiki ikilala ubavu kwenye kona za kupanda Mgeta, ncha ya usukani hugusa ardhi, na pamoja nayo kikanyagio. Kipande hicho kifupi cha chuma chenye mpira juu yake, ambacho dereva hukiwekea mguu tangu alfajiri bila kukitupia jicho, hujikuta kimebeba chombo, dereva na gunia la karoti kwa mpigo mmoja. Hupinda kwenda juu au kwenda nyuma. Safari haikatishwi kwa sababu hiyo. Mzigo una mwenyewe na soko halingoji. Dereva anashuka mlima mguu mmoja ukining'inia, anashusha gunia mjini, kisha anamtafuta fundi.

Fundi ninayemsifu hapa anafanyia kazi Mzinga, kata ya Manispaa ya Morogoro iliyo chini ya Uluguru, ambako mto wenye jina hilo hushuka kuelekea bwawa la Mindu. Watu wa mbali wakisikia Mzinga hulifikiria shirika lililo chini ya Wizara ya Ulinzi, lililopo tangu miaka ya 1970, na huko bila shaka chuma hupimwa kwa vipimo ambavyo jicho haliwezi kuvifikia. Huyu wangu ni wa pembeni ya barabara. Ana kibanda cha bati, mashine moja ya kuchomelea, grenda, vaisi iliyofungwa kwenye gogo, na lundo la vipande vya bomba na nondo ambalo mpita njia angedhani ni taka. Kipimo chake kikubwa ni uzi.

Ili kuuelewa ufundi wake inabidi kwanza kuuelewa mlima. Mji wa Morogoro uko mita 500 na ushee juu ya usawa wa bahari. Lupanga, kilele kinachouangalia mji, kina mita 2,138, na Kimhandu, kusini zaidi, kinapita mita 2,600. Nyandira, kwenye mashamba ya kabichi na njegere ya Mgeta, iko juu ya mita 1,500. Upande wa mashariki, Kinole na Matombo, mvua haina simile, na njia zinazoshusha ndizi na mdalasini huteleza hata miezi ambayo mjini watu wanalalamika vumbi. Lori hufika mahali likasimama. Kuanzia hapo mzigo ni wa kichwa au wa bodaboda, na tangu kanuni za mwaka 2010 zilipoitambua pikipiki kuwa chombo cha kubeba abiria kwa malipo, kazi ya kichwa imezidi kuhamia kwenye keria.

Pikipiki zenyewe hazikuundwa kwa ajili ya lumbesa. Ziliundwa kwa ajili ya mtu mmoja na abiria wake kwenye lami. Ukiweka gunia lililofumwa juu kwa kamba mpaka likapita kimo cha dereva, ukashuka nalo kwenye mawe, dereva hawezi tena kukaa. Anainuka, anasimama kwa nyayo, na uzito wote wa maamuzi yake, kulia, kushoto, breki, gia, unapitia vikanyagio viwili. Siku ya mishikaki ni hivyo hivyo nyuma: vikanyagio vya abiria mmoja vinabeba miguu ya wawili. Kwa hiyo ufa hauchagui siku ya ajali peke yake. Huanza kimya, mara nyingi pembeni kabisa ya mshono wa kiwandani, pale bomba jembamba la chasisi linapokutana na kipande kinene, na hukua kila gurudumu linapoingia shimoni.

Fundi haanzi kwa moto. Anasimamisha pikipiki kwa stendi ya kati, anakwenda nyuma yake, anachuchumaa na kuangalia vikanyagio vyote viwili kwa jicho moja, kisha anavuta uzi kutoka gurudumu la nyuma kwenda mbele kuona kama kilichopinda ni kikanyagio tu au na mwili wa chombo. Swali lake la kwanza kwa kijana ni hili: ililala upande gani, na ulikuwa na mzigo? Baada ya hapo anasugua tope na rangi, anapaka mafuta ya taa, anayafuta mpaka chuma kikauke, anapitisha chaki. Anangoja. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yake yanatoka taratibu na kuchora mstari mweusi kwenye ule weupe. Mafundi wa karakana za reli duniani walikuwa wakizipima ekseli kwa mafuta na chaki muda mrefu kabla ya mashine za kupenya chuma kwa mawimbi, na mpaka leo sijaona njia nyingine ya bei ya chaki moja inayosema kweli kiasi hicho.

Mstari ukionekana, anatoboa kitundu kidogo mwishoni mwake. Ufa husafiri kwa sababu ncha yake ni kali na nguvu zote hukusanyika hapo; ncha ikiishia kwenye tundu la mviringo, nguvu zinatawanyika. Ndipo anapoufungua kwa grenda na kuujaza.

Kabla ya cheche ya kwanza anafungua waya wa betri. Ni jambo dogo linalorukwa na wengi, na wanaoliruka huwarudishia wateja pikipiki yenye kikanyagio kizima na umeme uliokufa. Tangi la mafuta analitoa na kuliweka mbali. Kibanio cha waya wa ardhi anakibana karibu kabisa na anapochomelea, ili umeme usipite kwenye bearing za magurudumu na kuziunguza. Bomba la kuongezea anachagua jeusi. La mabati, lenye zinki, hutoa moshi mweupe unaomlaza mtu na homa usiku, na maziwa ambayo mafundi wengi huapa kwamba yanausafisha hayausafishi. Anayejali kifua chake huikwangua zinki kwanza au huliacha bomba hilo kwa watengeneza vitanda.

Sehemu ninayoipenda zaidi haionekani kazi ikiisha. Bomba la chasisi ni jembamba, na mshono wa kulizunguka lote huacha mduara mzima wa chuma kilichopikwa, ambacho kitakatika papo hapo safari ijayo. Kwa hiyo anaingiza bomba dogo ndani ya lile kubwa, anatoboa matundu machache kwenye lile la nje, na kuyajaza moto tundu kwa tundu mpaka mabomba mawili yashikane. Kwenye kona anaweka kipande cha bati nene la pembetatu, pembe zake kaziviringa kwa grenda, na mshono unakwenda kwa urefu wa bomba. Nchani hafiki. Anashona kidogo huku, anahamia upande wa pili, anaacha kupoe chenyewe. Maji hamwagi. Jioni watu wakiwasha majiko na umeme ukapungua nguvu, anazima mashine na kumwambia kijana arudi asubuhi, kwa sababu moto dhaifu hupaka chuma juu juu bila kukiingia, na yeye hapendi kuunguza LUKU kwa mshono wa kudanganya.

Vijana hawapendi kungoja. Pia hawapendi jambo lingine ambalo ndilo kiini cha ustadi wake.

"Fundi, shikamoo. Niwekee nondo nene kabisa, isipinde tena."

"Marahaba. Ikikataa kupinda hii, mwanangu, kitapinda kingine."

Kwenye baadhi ya pikipiki, chuma kinachoshika vikanyagio vya dereva hufungwa kwa boliti chini ya kasha la injini lenyewe, na kasha hilo ni la alumini. Mwenye pikipiki aliyechoka kunyoosha akiomba pande zito la nondo, atalipata kwa fundi mwingine yeyote, na kweli halitapinda. Siku ya kuanguka, pigo ambalo zamani lingeishia kwenye chuma laini litapita moja kwa moja mpaka kwenye boliti, na boliti zitang'oka na kipande cha kasha. Oili itamwagika mlimani. Kikanyagio kinanyooshwa kwa mchana mmoja. Kasha la injini ni msiba wa mwezi. Fundi wetu huimarisha shina, pale kikanyagio kinapozaliwa, na kuiacha ncha iwe ya chuma cha kawaida, chembamba kuliko anachoweza kuweka. Anajenga udhaifu mahali anapoutaka. Nondo huitumia kwa kazi nyingine: vipande vifupi vyenye mbavu zake, vilivyopangwa kwa nafasi juu ya kikanyagio badala ya mpira, ili tope la Kinole lipite katikati na kudondoka na soli ishike.

Nilicheka niliposoma kwamba mbali sana na hapa watu wanahangaika na jambo hilo hilo kwenye theluji. Joseph-Armand Bombardier wa Valcourt, Quebec, alipoingiza sokoni Ski-Doo mwaka 1959, alikifanya kidogo na chepesi chombo cha kukimbia juu ya theluji, chenye skii mbele na mkanda wa mpira unaozunguka nyuma. Vizazi vyake vya milimani huko Kanada na magharibi mwa Marekani vina kila ubavu ubao mrefu wa alumini wa kukanyagia, wenye matundu ya kudondoshea theluji na meno ya kushika buti, na dereva husimama juu yake karibu safari nzima. Akitua vibaya, au akigonga kisiki kilichofunikwa, ubao hujikunja. Wenye nazo huuongezea bomba la alumini kwenye ukingo wa nje na kulifunga kwa ribiti na boliti, maana bati jembamba la alumini likipigwa moto huvurugika. Nao wanalo onyo lao: ukiukaza ubao kupita kiasi, ufa utahamia kwenye mwili wa chombo, ambao ni ghali zaidi. Fundi wa Mzinga angekaa nao kijiweni wakaelewana kwa mikono tu.

Kazi ikipoa anaipima kwa mwili. Anasimama juu ya vikanyagio, anamwita kijana apande nyuma yake, wanatikisa. Kisha anamkalisha kijana peke yake na kumtazama mguu wa kulia: je, dole linaifikia breki bila kisigino kuinuka? Kikanyagio kilichorudi nyuma kwa upana wa kidole huiba sehemu ya sekunde kila breki inapohitajika, na kushuka Mgeta sekunde hizo zina idadi. Kama hakijakaa, anakikata na kukirudia bila kunung'unika na bila kuongeza bei.

Mwisho ni rangi, na hapo ugomvi huanza upya. Vijana wengi hutaka nyeusi, ifanane na ya kiwandani, mteja asijue kwamba chombo kimewahi kuanguka. Yeye hupulizia rangi ya fedha, tena nyepesi. Ufa ukianza tena chini ya rangi nyeupe-nyeupe, unyevu utaingia na kutu italia mstari wa kahawia unaoonekana hata na dereva anayeosha pikipiki kwa haraka mtoni; chini ya nyeusi hautaonekana mpaka siku ya kukatika. Anaeleza hivyo mara moja. Kijana akisisitiza, anamwonyesha lilipo duka la rangi na kumwambia ajipakie mwenyewe akifika kwao.