Fidla Yenye Fikra

Fidla haimhurumii mpigaji wake. Shingo yake haina alama ya kuonyesha noti ilipo. Kidole kikiteleza kidogo tu, sauti imeharibika, na aliyeketi nyuma kabisa ya ukumbi atajua. Mkono wa kushoto unaitafuta noti na wa kulia unaipa pumzi kwa upinde, na hakuna kati ya hiyo miwili unaoweza kuficha makosa ya mwenzake. Ndiyo maana kila anayeimudu ala hii anastahili heshima. Lakini kuimudu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuwa na la kusema, na katika hilo sijamwona wa kumzidi Joseph Szigeti wa Hungaria.

Alizaliwa Budapest mwaka 1892, katika ukoo wa Singer. Mama yake alifariki yeye angali mdogo, akapelekwa kulelewa kwa babu na bibi katika mji wa Máramarossziget, ambao ndio uliompa jina alilojulikana nalo duniani. Baadaye alirudi Budapest kusoma kwa Jenő Hubay, mwalimu aliyewanoa wapigaji wengi mashuhuri wa nchi ile.

Enzi hizo mtoto mwenye kipaji alikuwa bidhaa. Alipandishwa jukwaani apige vipande vya kasi, watu washangae na kulipa. Szigeti naye alipitishwa njia hiyo, hata akawahi kupiga katika sarakasi mjini Frankfurt kwa jina la kubuni. Wengi waliolelewa hivyo walizimika walipobaleghe, kwa kuwa hawakufundishwa zaidi ya kushangaza. Yeye aliokolewa na Ferruccio Busoni, mtunzi na mpiga piano wa Kiitaliano aliyekutana naye Uingereza. Busoni alimketisha mbele ya Chaconne ya Bach, kipande cha fidla pekee, na kumfunza kuichambua, ajue kila kifungu kinatoka wapi na kinaelekea wapi. Tangu hapo kijana yule akaacha kutafuta makofi, akaanza kutafuta maana.

Mwaka 1913 kifua kikuu kilimlaza katika hospitali ya Davos, Uswisi. Alipopona, akawa mwalimu katika chuo cha muziki cha Geneva kuanzia 1917, na mwaka 1925 akajitambulisha Marekani kwa koncheto ya Beethoven, akiandamana na okestra ya Philadelphia chini ya Leopold Stokowski.

Ukubwa wake, hata hivyo, haupimwi kwa kumbi alizozijaza. Upimwe kwa watunzi waliomwamini. Eugène Ysaÿe, bingwa wa Ubelgiji, alimsikia akipiga Bach, akavutiwa hata akaandika sonata sita za fidla pekee mwaka 1923. Ya kwanza akamtunukia Szigeti. Béla Bartók alimtunukia Rapsodia yake ya kwanza. Koncheto ya kwanza ya fidla ya Prokofiev ilikuwa imepokewa kwa ubaridi mjini Paris. Szigeti aliibeba mji hadi mji mpaka masikio ya watu yakaizoea. Na Bartók alipokuwa mgonjwa na mwenye dhiki huko New York mwaka 1943, Szigeti alikuwa mmoja wa waliomshawishi kiongozi wa okestra Serge Koussevitzky ampe kazi ya kutunga. Matunda yake ni Koncheto ya Okestra, inayopigwa hadi leo duniani kote.

Wapo waliomkosoa. Alishika upinde kwa mtindo wa kale, kiwiko kikiwa karibu na mwili, na sauti yake haikuwa na ulaini wa wenzake wa zama zile. Uzeeni, baridi yabisi iliviumiza vidole vyake. Lakini msikilize katika onyesho la Washington la Aprili 1940, Bartók mwenyewe akiwa kwenye piano. Humo hamna noti inayopita bila kufikiriwa. Hata ukwaruzo wa upinde una kazi yake katika sentensi ya muziki.

Alirudi Uswisi mwaka 1960, akafundisha na kuandika hadi alipofariki Lucerne mwaka 1973. Aliwahimiza vijana wachague vidole vya kupigia kwa kuzingatia sauti inayotakiwa, wasijali wepesi wa mkono, na alisikitishwa na mashindano yanayowaharakisha kuiva kabla ya wakati. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Naye aliona vijana wanasukumwa majini kabla mbao hazijakauka.

Basi wewe unayejifunza ala yoyote, usiridhike vidole vikishakuwa vyepesi. Uliza kila noti imewekwa pale kwa nini, na usiipige mpaka upate jibu. Huo ndio ufundi aliouacha Szigeti, na ndio unaodumu.