Mchemraba, Sungura na Mji Usiotolewa

Mwezi Februari mwaka 2007, katika msitu wa Wakerley Great Wood, Northamptonshire, Uingereza, mtu mmoja alifukua mchemraba wa chuma uliokuwa umefichwa ardhini, akalipwa paundi 100,000. Kitu hicho kiliitwa Mchemraba wa Receda. Tangu mwaka 2005 kilikuwa kimewashughulisha watu wa nchi mbalimbali ambao hawakupata kukitia machoni. Habari zake ziliandikwa kama habari za hazina iliyopatikana, jambo ambalo si kosa. Lakini mpenzi wa mashairi hatakosa kuona kwamba kile kilichofukiwa kilikuwa fumbo kabla ya kuwa hazina, na fumbo, kama utungo mwingine wowote, lina haki ya kuhakikiwa.

Mchezo uliozaa mchemraba huo uliitwa Perplex City, nao ulitungwa na kampuni ya Mind Candy ya London. Ni katika jamii ya michezo ya uhalisia mbadala, yaani hadithi isiyokaa ndani ya kitabu kimoja. Hutawanywa vipande vipande katika intaneti, katika simu, katika barua na matangazo, na hata katika mikutano ya ana kwa ana, nao wachezaji huafikiana kuichukulia kana kwamba ni kweli tupu. Hadithi yenyewe ni fupi kuisimulia. Upo mji wa mbali ambao wakazi wake huyatukuza mafumbo. Tunu yao kuu, ule mchemraba, imeibwa na kuletwa katika dunia hii. Mkuu wa Akademia ya mji, Sente Kiteway, anaahidi zawadi kwa atakayeurudisha. (Sente ni neno la wachezaji wa Go wa Kijapani, lenye maana ya kushika hatamu ya mchezo. Sikio la Kiswahili litasikia fedha, na pengine halitakuwa limekosea sana.) Dalili zilitiwa katika kadi 256 zilizouzwa kwa pakiti, kila kadi na fumbo lake, nyekundu zikiwa nyepesi na za rangi ya fedha zikiwa ngumu kupita zote, na kila moja ikiwa na sehemu ya kukwangua kama vocha ya simu.

Watungaji waliwatupia wachezaji maswali mawili kwa mpigo, na ubora pamoja na udhaifu wa kazi yao umo katika namna walivyoyachanganya. Swali la kwanza: mchemraba uko wapi? Swali la pili: mchemraba ni nini? La kwanza lilikuwa na ramani, hesabu na zawadi. La pili halikuwa na zawadi yoyote. Waliloambiwa wachezaji ni kwamba kitu hicho kina thamani ya kielimu na ya kiroho kwa watu wa mji ule. Elimu na roho, katika kitu kimoja chenye pande sita! Mshairi yeyote anayeijua kazi yake angetambua mara moja kwamba maneno hayo mawili yamewekwa pamoja ili yasuguane. Je, ni chombo cha kupimia au ni kitu cha kuabudiwa? Wenyewe wanaulilia kwa sababu ya kile unachokifanya, au kwa sababu tu ulikuwako na sasa hauko? Anayebahatisha jibu la swali kama hilo hatafuti tena kitu cha mtu mwingine. Ameshaanza kutunga cha kwake.

Ili kuupima mchezo huu kwa mizani iliyo karibu, inafaa kurejea kwenye kitendawili cha barazani. Mtegaji husema, "Kitendawili!" Wenzake huitika, "Tega!" Hutega, nao hubahatisha, mmoja baada ya mwingine, huku wakichekwa na kusahihishwa. Wakishindwa kabisa, mtegaji hudai, "Nipeni mji!" Hupewa Mombasa, au Unguja, au Lamu, naye huuingia mji huo kwa maneno, akatamba humo apendavyo, ndipo hatimaye alitoe jibu. Huo si upuuzi wa watoto. Ndani yake mna mkataba. Mtegaji anaapa, bila ya kusema, kwamba jibu analo. Hadhira nayo inakubali kulipa endapo itashindwa, kwa sharti kwamba jibu likitajwa kila mmoja ataweza kuyarudia maneno ya kitendawili na kusema, kumbe! Jibu lisilorudi nyuma na kuyaangaza maneno yaliyolificha ni jibu lililokosewa, hata kama ni la kweli.

Mkataba huo umewahi kuvunjwa, na wala si na mtegaji. Mwaka 1979 mchoraji Kit Williams alitoa kitabu kiitwacho Masquerade, akamfukia sungura wa dhahabu huko Ampthill, Bedfordshire. Siri yake ilikuwa ya kupendeza. Katika kila picha, mistari ipigwe kutoka macho ya viumbe, ipite katika vidole vyao virefu, iishie kwenye herufi za ukingoni. Maneno yatokanayo yampeleke msomaji mahali kinapoangukia kivuli cha msalaba, adhuhuri ya siku ambayo usiku na mchana hulingana. Anayeambiwa jibu hilo huwaona wale viumbe wakikodoa macho na kunyoosha vidole, akajiuliza vipi hakuona. Lakini mwaka 1982 sungura alichukuliwa na mtu aliyetumia jina la bandia, na mwaka 1988 gazeti la Sunday Times lilifichua kwamba fununu ya mahali ilitoka kwa mwanamke aliyewahi kuishi na mchoraji. Walimu wawili wa fizikia waliokuwa wamelitegua fumbo kwa haki walimkosa sungura. Fumbo lilibaki zuri na mtegaji alibaki mwaminifu. Walioibiwa ni wasomaji.

Watungaji wa Perplex City walikuja baada ya hayo. Aliyeuongoza utunzi wake, Adrian Hon, alianzia upande wa wateguaji. Mwaka 2001, filamu ya A.I. ilipotangazwa, ulitolewa pamoja nayo mchezo uliokuja kujulikana kama The Beast, na wachezaji wake wakajikusanya katika kundi lililojiita Cloudmakers. Hon alikuwa mmoja wa wasimamizi wa kundi hilo. Mafumbo ambayo watungaji waliyakadiria yadumu miezi yaliteguliwa kwa siku moja. Ikawabidi wasome usiku yale yaliyobahatishwa mchana, na kuipinda hadithi ifuate au ikwepe dhana za wasomaji wake. Wasomaji waliozoea mashairi ya kujibizana, moja likitoka leo na jibu lake likitungwa kwa vina vilevile, hawatashangazwa na jambo hilo. Tofauti ni kwamba malenga anayejibiwa hulitia jina lake, na anayejibu hulitia lake. Cloudmakers walitunga bila ya kujijua kuwa wanatunga.

Hon alikuwa amejifunza somo hilo, na kadi zake bora zinalionyesha. Iliyo bora kuliko zote ni ile iitwayo "Billion to One": picha ya mtu mmoja wa Kijapani, na maandishi ya Kijapani yenye maana ya "nitafute". Hapana hesabu wala ramani. Dai la kadi hiyo ni kwamba watu wote wa dunia wameunganika kwa minyororo mifupi ya kujuana, na kwamba picha ikipita mkono hadi mkono itamfikia mwenyewe. Jina lake, Satoshi, lilijulikana baadaye, na picha ikasambazwa miaka nenda miaka rudi. Mwezi Desemba 2020 alipatikana, lakini si kwa kujuana: programu ya kutambua nyuso ndiyo iliyoilinganisha picha yake na picha nyingine. Wengi walishangilia, na walikuwa na sababu. Hata hivyo mhakiki hana budi kusema kwamba mtu alipatikana na kitendawili hakikuteguliwa. Kadi ilisema binadamu watamfikia binadamu. Mashine ilimfikia kwa njia isiyomhitaji mtu kumjua mtu. Jibu halikurudi kuyaangaza maneno.

Kadi nambari 238 ina kasoro ya namna nyingine. Inamtaka mchezaji athibitishe dhana ya Riemann, swali la hesabu lililoulizwa mwaka 1859 na ambalo taasisi ya Clay iliahidi dola milioni moja kwa atakayelithibitisha. Mzaha huo unachekesha mara moja. Mtegaji ametega asichokijua, na barazani angefukuzwa mkekani.

Swali la pili, lile lisilo na zawadi, liliishia vibaya zaidi. Mchemraba ulipofukuliwa, kila mmoja alijua ulipokuwa, na ile fedha ikalipwa kama ilivyoahidiwa. Katika hilo watungaji hawana lawama, na baada ya kisa cha sungura hilo si jambo dogo. Lakini mpango wa kuiendeleza hadithi kwa msimu wa pili ulisitishwa mwaka huohuo wa 2007. Wale waliokesha wakijadiliana kitu kile kilikuwa nini kwa watu wa mji ule, mbona waliulilia, na wangefanya nini ukirudi, waliachwa njiani na dhana zao. Zawadi ililimeza shairi. Watungaji walidhani, pengine kwa ushauri wa wenye biashara, kwamba watu walikuja kwa ajili ya paundi 100,000. Ilhali anayetaka fedha tu ana njia fupi zaidi kuliko kusoma kadi 256.

Hapo Muyaka bin Haji anakumbukwa. Mafumbo yake ya Mombasa ya mwanzo wa karne ya 19 yalitungwa kwa watu waliojua ni nani anayesemwa na ni jahazi gani linalotajwa. Waliojua walikufa. Kama Mwalimu Sikujua asingeyakusanya na kumfafanulia W. E. Taylor, diwani iliyochapishwa mwaka 1940 chini ya mkono wa Hichens ingekuwa na maneno matamu yasiyo na mlango. Dhana za wachezaji wa Perplex City hazijapata Sikujua wao. Nazo ndizo zilizokuwa diwani halisi ya mchezo ule: watu wasiofahamiana, kila mmoja akiukamilisha upande mmoja wa mchemraba ambao watungaji waliuacha mtupu.

Kadi zenyewe bado zimo mikononi mwa waliozihifadhi. Ile ya 238 haijateguliwa mpaka leo, na wenye kuijaribu hawajakubali kumpa mtegaji mji.