Hedi Ile Haikupaswa Kufunguliwa

Niseme wazi tangu mwanzo: kuifungua silinda hedi ya mashine ya kushoto ya boti ya abiria inayovuka kwenda Unguja lilikuwa kosa, na lilikuwa kosa tangu spana ya kwanza ilipogusa nati ya manifoldi. Wengi wenu mlikuwa gatini na mliona kila kitu. Kinachonisukuma kuandika ni kwamba kazi ile sasa inasimuliwa kama ushindi, eti mafundi walihangaika siku nne hadi wakaukamata uvujaji. Waliukamata mwisho, mahali walipopaswa kuanzia.

Dalili mnazijua. Kila boti ikivuka kwenda Unguja na kurudi, mashine ya kushoto ilipungukiwa na kulanti kama lita mbili. Ngama ilikuwa kavu. Oili kwenye kijiti ilikuwa safi, bila ule utando wa rangi ya maziwa. Nahodha alijaza kila asubuhi na kuandika alichojaza, na kwa hilo apongezwe. Kompyuta ya injini haikuonyesha hitilafu yoyote. Na wakati wa kuwasha, eksosi ilitoa moshi mweupe.

Kwenye moshi ndipo mambo yalipoharibika. Fundi mkuu aliinama nyuma ya boti, akautazama kwa muda usiofika dakika moja, akasema gasketi ya hedi imeungua, fungueni. Hakuna aliyemuuliza swali. Sina ugomvi na fundi huyo. Ana mkono mzuri, na yako malori mengi yanayopanda milima kwa sababu yake. Lakini moshi mweupe wa lori na moshi mweupe wa boti ni mashahidi wawili tofauti. Lori lina eksosi kavu, kwa hiyo mvuke mzito ukitoka mashine ikiwa imeshapata moto una haki ya kushuku maji ndani ya silinda. Boti hii eksosi yake ni ya maji. Maji ya bahari yakishamaliza kazi kwenye kipozeo humwagwa kwenye kiwiko cha eksosi ili yapoze gesi na kuulinda mpira. Eksosi ya namna hiyo hutoa mvuke siku zote, na asubuhi zenye ubaridi wa kusi huonekana zaidi. Ongeza dizeli isiyoungua yote mashine ikiwa bado baridi, nayo moshi wake ni mweupe vilevile.

Na kama fundi mkuu hakutaka nadharia, jibu lilikuwa mita tatu kutoka pale alipoinama. Mashine ya kulia, ambayo haikupoteza hata tone, ilikuwa inatoa moshi uleule, rangi ileile, wingi uleule. Boti yenye mashine mbili za aina moja, zenye saa sawa za kazi, ni zawadi kwa anayetafuta hitilafu. Unachokiona kwenye mbovu unakitafuta kwenye nzima, na ukikikuta huko, unakitoa kwenye orodha ya dalili. Yeye hakugeuza shingo.

Gasketi ya hedi ikiungua kweli kwenye dizeli yenye tabo, haijifichi hivyo. Gesi ya mwako inaingia kwenye njia za maji. Hosi ya juu inakuwa ngumu ndani ya dakika chache, kabla mashine haijapata moto. Mapovu hayakomi kwenye tangi la juu, na maji yanasukumwa kwenye chupa ya akiba hadi yafurike. Hapa chupa ya akiba ilikuwa tupu kabisa, maana yake mfumo ulikuwa unayanywa maji, hauyatapiki. Kijana mmoja msaidizi aliibonyeza hosi ya juu mbele yetu baada ya mashine kunguruma kama dakika tano. Vidole vyake vilizama, mpira ukabonyea hadi pande zake mbili zikakaribiana. Akamtazama mkubwa wake. Mkubwa wake alikuwa ameshageuka kutafuta boksi la soketi. Kijana yule alikuwa ameshika ushahidi mkononi, na kwa utaratibu wa karakana zetu, ambapo msaidizi hasemi mpaka aulizwe, ushahidi ule ukaishia hapo. Utaratibu huo nimeulalamikia katika safu hii kwa miaka, na nitaendelea kuulalamikia.

Tufuate lita mbili zilikokwenda. Ngama kavu inaondoa hosi, klempu na sili ya pampu ya maji. Oili safi inazipunguzia sana tuhuma laina na njia za maji zinazopakana na za oili. Hosi laini inaiondoa gasketi mahali pa kwanza. Njia pana inayobaki ya kupoteza maji bila kuacha alama ndani ya boti ni kipozeo, ambamo maji ya bahari hupita ndani ya mirija na kulanti huizunguka kwa nje. Mashine ikiwa na moto, mfuniko unashikilia kulanti kwenye presha ya karibu bar 1. Upande wa bahari presha kwa kawaida iko chini ya hapo. Mrija ukitoboka tundu la ukubwa wa ncha ya sindano, kulanti inasukumwa kuingia kwenye maji ya bahari, inapitia eksosi, inamwagwa baharini. Hakuna anayeiona, na ngama inabaki kavu hadi mwisho wa dunia. Mashine ikizimwa na kupoa, mambo yanaweza kugeuka: kulanti inasinyaa, mfumo unanyonya, na chumvi inaingia kwa tundu lilelile. Kwa hiyo kulikuwa na swali jingine la bei rahisi, kupima chumvi kwenye kulanti, nalo halikuulizwa.

Kipimo cha presha cha kipozeo kinajulikana. Mashine ikiwa baridi, unafunga pampu ya mkono mahali pa mfuniko, unajaza presha hadi kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko, hauzidishi. Unachomoa hosi za maji ya bahari, unafungua vifuniko vya ncha zote mbili za kipozeo, unavikausha vinywa vya mirija kwa kitambaa, unamulika tochi na kungoja. Sindano ya geji ikishuka na ngama ikabaki kavu, macho yako yanatazama mahali panapostahili. Kazi hiyo inahitaji spana chache na asubuhi moja ya utulivu.

Badala yake ilifunguliwa mashine ya silinda sita, lita 6.7, yenye nguvu za farasi 550. Bloku kama hiyo kwenye lori la kawaida hutoa takribani 250. Chuma kinachodaiwa kiasi hicho hakifunguliwi kwa kubahatisha. Kutoa hedi ni kutoa tabo, manifoldi na mipaipu ya dizeli ya presha kubwa, ile inayobeba zaidi ya bar 1,500. Nafasi zilizo ndani ya nozeli za mfumo huo hupimwa kwa maikroni. Mlioshuhudia mtakumbuka kwamba upepo ulikuwa unavuma kutoka ufukweni, na vinywa vya mipaipu vilikaa wazi, bila vizibo, bila hata mfuko wa nailoni, tangu mchana hadi jioni. Chembe moja ya mchanga ikifika kwenye nozeli, boti hiyo itarudi gatini na ugonjwa mwingine, na hakuna atakayeuhusisha na siku ile.

Hedi ikanyanyuliwa. Gasketi ikawekwa juu ya ubao, na niliikaribia kuliko walivyopenda. Pete za chuma zinazozunguka silinda zilikuwa zimekaa sawasawa, zote sita. Hakukuwa na mstari mweusi wa gesi kutoka kwenye pete kwenda tundu la maji. Hakukuwa na mahali palipolika, wala kutu inayotiririka. Vichwa vya pistoni vyote vilikuwa na masizi ya rangi moja. Silinda iliyokuwa inakunywa maji kwa kawaida huoshwa ikabaki safi kuliko wenzake. Gasketi ile ilikuwa nzima. Pale ndipo kosa la kwanza lingeweza kusamehewa: weka kila kitu chini, rudi kwenye dalili, anza upya. Kilichofanyika ni kununua gasketi mpya na kuipeleka hedi kusawazishwa uso. Hapo fundi alikuwa anatibu kauli yake, mashine imesahauliwa.

Kufunga walifunga vizuri: bolti mpya, spana ya toki, kutoka katikati kwenda nje.

Boti ikavuka tena. Lita mbili zikapotea tena.

Ninapowataja mafundi wa zamani huambiwa naishi jana. Lakini mzee aliyenifundisha kazi, aliyekulia kwenye dizeli za Gardner na Lister, hakuwa na pampu ya kupimia. Alikuwa na kizibo cha mpira alichokichonga mwenyewe, kilichotobolewa katikati na kupachikwa vali ya tyubu ya baiskeli, na bomba la baiskeli. Alijaza upepo taratibu, akaweka sikio, akangoja. Hakuruhusu mtu kugusa bolti ya hedi mpaka awe ameshasikiliza kila mahali pengine. Mashine zake zilikuwa nzito na za mwendo mdogo, na bado aliziheshimu kuliko tunavyoiheshimu hii ya farasi 550.

Na anayesema mashine za kasi hazina nafasi ya subira asome habari za Merlin, injini ya ndege ya Rolls-Royce, V12 ya lita 27. Hedi na bloku vilisubuliwa kipande kimoja, na kulanti ikawa inavuja pale laina inapokutana na hedi, ndani, mahali pasipoonekana. Ilikuwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia na ndege zilihitajika kila siku. Watu wa Rolls-Royce kule Derby, akiwemo Cyril Lovesey aliyesimamia uendelezaji wa injini hiyo, waliufuata uvujaji hadi kwenye kiungo chenyewe, na dawa ikawa bloku ya vipande viwili. Injini zilizotengenezwa na Packard kule Detroit ndizo zilizotangulia kutoka nayo. Baada ya vita Merlin zikaishia kwenye boti za mbio za Marekani, zikikamuliwa zaidi ya zilivyokusudiwa. Waliojua uvujaji uko wapi ndio waliobadilisha chuma.

Siku ya nne kipozeo kilifunguliwa, na kilichukua muda mfupi kuliko chai. Presha ikajazwa. Kwenye kinywa cha mrija mmoja wa safu ya chini, karibu na mahali pa zinki, tone la kijani likajitokeza, likavimba, likaanguka; likafuata lingine. Zinki yenyewe ilitoka ikiwa kisiki chembamba kinachovunjika kwa kidole. Zinki ipo ili iliwe badala ya mirija, na ikiisha, zamu ni ya mirija. Ni kipande cha bei ndogo kuliko galoni ya kulanti, na wenye boti wanaendelea kukiona kama mapambo. Hao hao ndio wanaojaza maji ya bomba badala ya kulanti, wakaacha laina zidonolewe na mapovu bila kinga, na ndio wanaong'oa thamostati kwa sababu eti pwani kuna joto, mashine ikafanya kazi baridi maisha yake yote na kutoa moshi mweupe utakaomdanganya fundi mwingine.

Kipozeo kimebadilishwa na mashine ya kushoto haipotezi maji. Mashine ya kulia ina kipozeo cha umri uleule, chenye zinki ya umri uleule, kilichopitisha maji yaleyale kwa saa zilezile. Hadi ninapoandika, bado hakijafunguliwa, na boti inapakia abiria kila asubuhi. Kifunguliwe wiki hii.